Kanisa la Mt. Anna Jerusalem, linatuhusuje watu wa Tabora?

mtoto_wa_isevya: Wakuu habari zenu. Kwaya yetu tumedunduliza miaka sasa Mungu akijalia tunaenda hija Nchi Takatifu, kwenye ratiba Mt. Anna tumewekewa nusu saa tu ila paroko kasema hapo msibanduke haraka, panatuhusu. Panatuhusuje wakati lilijengwa na watu wa Vita vya Msalaba karne ya 12? Na kuimba wanaruhusu?

gungu_ziwani: Paroko yuko sahihi kabisa. Wanaolitunza ni Mapadri Weupe, walikabidhiwa 1878, na mwaka huohuo msafara wao wa kwanza ukatoka Bagamoyo ukafika hapo Tabora, 1879 wengine wakaingia huku kwetu Ujiji. Ni shirika lilelile lililowafundisha babu zetu katekisimu. Mi nimefika, ukiingia Lango la Simba, moja ya malango ya mji wa kale, ni hapo mkono wa kulia. Ndani hamna mapambo, mawe matupu na nguzo nene, afu mama mmoja wa kundi letu akaanzisha wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya kawaida tu, kanyamaza, sauti bado inazunguka kule juu, nywele zilinisimama jamani. Nyimbo za dini ruksa, ila imbeni polepole mkikimbiza maneno yanapandana. Mshuke na chini pangoni, mapokeo yanasema ndo alipozaliwa Mama Maria. Nje kuna magofu ya birika la Bethzatha, Yohana 5. Nusu saa haitoshi hata kidogo.

ujiji_mwembeni: Mimi Muislamu naomba niongezee. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kiarabu, msiyapite. Salahuddin, yule sultani wa Kiislamu, alipoichukua Jerusalem 1187 kutoka kwa hao watu wa Msalaba hakulibomoa, 1192 likawa madrasa ya sheria na maandishi yale ndo yanasema hivyo. Kwa mtazamo wangu madrasa ndo imefanya kuta zile tuzikute zimesimama. Baadae likatelekezwa mpaka 1856 Sultani Abdulmejid wa Uturuki akawapa Wafaransa, shukrani kwa kumsaidia vita ya Crimea dhidi ya Urusi, nao ndo wakawakabidhi hao mapadri.

mtoto_wa_isevya: Asanteni sana, hii ya madrasa sikuwahi kuisikia kabisa. Jumamosi tunaanza mazoezi bila kinanda, na mwenyekiti nishampigia tupate hata saa moja na nusu. Ndugu wa Ujiji, hayo maandishi ni mlango wa mbele?

ujiji_mwembeni: Wa mbele. Inua macho kabla hujaingia.