Tupeane uzoefu: mageuzi ya kazini kwenu yaliishia wapi?

Wakuu, nataka mifano mliyoiona kwa macho, nadharia tuiweke kando. Uongozi unaleta mfumo mpya au muundo mpya wa idara, miezi michache baadaye kila mtu karudi alikokuwa, na lawama wanaangushiwa wafanyakazi, eti "wanapinga mabadiliko". Mimi naona mara nyingi tatizo ni menejimenti.

Naanza. Kwetu maombi ya manunuzi yalihamishiwa kwenye kompyuta, karatasi zikapigwa marufuku. Mafunzo ya asubuhi moja, picha ya pamoja, kwisha. Wiki iliyofuata mhasibu akagoma kulipa bila fomu yenye sahihi ya wino, na alikuwa na haki: wakaguzi wa hesabu bado walimdai fomu hiyo, na hakuna kiongozi aliyekaa nao kurekebisha utaratibu. Ikawa unajaza kwenye mfumo, unachapisha ulichojaza, kisha unazunguka nacho mlango kwa mlango kusaka sahihi. Mkurugenzi aliyeuzindua mfumo naye anataka nakala ya karatasi mezani kwake! Haya, nyie je?

Msimamizi wa Zamu: Sisi wasimamizi tulijua habari za muundo mpya kupitia barua pepe ileile waliyopata vijana wetu, dakika ileile. Wakaniuliza, "Bosi, kuna watakaopunguzwa?" Sina jibu. Kufika jioni uvumi ulishapanga hadi majina.

Sikio la Simu: Huduma kwa wateja hapa. Tuliambiwa tumsikilize mteja mpaka amalize shida yake. Safi kabisa. Ila bonasi ikaendelea kuhesabiwa kwa idadi ya simu kwa saa. Aliyefuata agizo jipya ndiye aliyekatwa bonasi. Mnadhani agizo lilidumu?

Mzee wa Takwimu: Meneja wetu kila akibanwa anasema asilimia 70 ya mageuzi hufeli duniani kote. Mtafiti Mark Hughes aliifuatilia namba hiyo mwaka 2011 akakuta haina ushahidi wa kuaminika. Afadhali John Kotter, profesa wa Harvard aliyebobea kwenye mageuzi ya kazini, ambaye mwaka 1995 alitaja kosa la kutangaza ushindi mapema. Hilo ndilo letu: sherehe ilifanyika, timu ya mradi ikavunjwa, na matawi mawili hayajaanza hata kuutumia mfumo.

Kimya Kingi: Tusijisafishe sana. Kuna wenzetu wanaogoma kwa kuwa utaratibu wa zamani ulikuwa na mwanya wa kula.

*Mtoa mada:* @Kimya Kingi wapo, sikatai. Ila bosi anayeacha njia zote mbili wazi, ya zamani na mpya, ndiye anayewalinda.

Dada wa Stoo: Kwetu mfumo mpya ulifanikiwa. Meneja alikusanya vitabu vya zamani akavifungia, wiki ya kwanza akashinda nasi stoo, anapokea mzigo na kuuingiza mwenyewe. Siku ya pili tu akagundua sehemu ya kuandika mzigo uliorudishwa haipo. Ikaongezwa kabla hatujaanza kulalamika.