Mafundi kompyuta wa Mwanza, kabla hamjasema "mazabodi imekufa" someni kwanza kosa lililoandikwa kwenye kioo

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "dada punguza jazba" kaeni nayo huko huko.

Nina steshenari Nyegezi, jirani na stendi. Kazi zangu mnazijua: wanafunzi wa SAUT na tafiti zinazotakiwa kesho asubuhi, watu wa maombi ya ajira, kadi za michango ya harusi, barua za kuomba kuhamisha mtoto shule. Mashine ninayoitegemea ni HP EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM GB 8, SSD ya GB 128. Mtumba, kama laptopu nyingi za mji huu. Ilikuwa na Windows 10, na mnajua Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yangu inachomekwa fleshi za watu kutwa nzima. Kuna fleshi zinakuja pale zina virusi vingi kuliko kurasa za utafiti wenyewe. Nikasema hapana, nikaipeleke ipandishwe iende Windows 11, nilipie, nilale.

Nikaipeleka duka moja la mafundi mjini kati. Jina silitaji, modi asije akanifungia uzi. Kijana wa mapokezi akaigeuza juu chini, hata kuiwasha hakuiwasha, akasema: "Dada hii inakubali kabisa. Elfu thelathini, ishirini tangulize, jioni pitia."

Inakubali kabisa! Hebu tuanzie hapo, maana hapo ndipo uongo ulipozaliwa.

Kwenye i5-6300U, tarakimu inayofuata kistari ni 6. Maana yake kizazi cha sita. Orodha ya Windows 11 upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha saba, na upande wa AMD inaanzia kwenye Ryzen za mfululizo wa 2000. Ongeza TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye Secure Boot (mfumo wa kuwasha mashine unaokagua kinachowaka), RAM isiyopungua GB 4 na diski ya GB 64. Masharti haya yako wazi tangu 2021. Si siri ya ofisini kwa mtu. Stika ya prosesa mara nyingi iko pale pale unapoweka kiganja ukichapa.

Jibu la fundi mkweli lingekuwa hivi: "Dada, rasmi haikubaliki. Naweza kuilazimisha, ila hasara zake ni hizi na hizi." Kulazimisha kupo, sikatai. Kuna watu wanatengeneza fleshi kwa programu ya Rufus ikaruka ukaguzi, kuna wanaoingia kwenye rejista ya mipangilio ya Windows wakaweka ule ufunguo wa AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU. Lakini Microsoft wenyewe wanakuonya kwamba mashine isiyokidhi masharti haina uhakika wa kuendelea kupata masasisho. Kwa mtu anayecheza gemu nyumbani labda haijalishi. Kwangu mimi sababu yote ya kwenda 11 ilikuwa hayo masasisho! Nilipie mtu aniondolee kitu nilichokifuata?

Jioni nafika. "Dada imefika mbali ikarudi. Tunarudia." Kesho yake: imerudi, tunarudia. Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikiuliza imeandika nini, naambiwa "inakataa tu". Nikiuliza namba ya kosa, kijana ananiangalia kama nimemuomba PIN ya simu yake. Jamani, mashine inapofeli kupanda inarudisha toleo la zamani na inakuachia namba. Namba ile ndiyo kazi yenyewe! Wewe kurudia kitufe kile kile ni sawa na mvuvi ambaye wavu wake umenasa kwenye mwamba, naye anazidi kuvuta badala ya kuzama aone umenasia wapi.

Halafu ukaja wimbo wenyewe, wa kusingizia mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. "Dada, mazabodi imechoka. Hapa tuna laptopu ya T480 safi, laki sita, tunakupunguzia." Aaah! Kumbe! Na nikikataa hiyo, basi "tuifomati iwe safi, itakubali". Nikasema mafaili yangu yamo humo na kwenye risiti mmeandika kwa mkono wenu msifute kitu. Nikabeba mashine yangu. Elfu ishirini wakagoma kurudisha, eti ni ya uchunguzi. Uchunguzi upi? Nionyesheni karatasi moja ya huo uchunguzi.

Pale kaunta nikiwa nabishana alikuwepo mzee wa Sengerema, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wengi wao akina mama wa dagaa. Laptopu yake ni ya prosesa ya zamani kabisa, Core 2 Duo. Naye aliambiwa inakubali kabisa, naye akatoa hela. Yake waliifomati. Hesabu za kikundi zilikuwa humo. Wakuu, Windows 11 tangu toleo la 24H2 lililotoka 2024 inahitaji maelekezo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, POPCNT na SSE4.2. Hapo hakuna ujanja wa Rufus wala wa rejista, haiwaki. Kumpokelea mzee hela kwa kazi isiyowezekana, kisha ukamfutia na daftari la watu, hilo mimi silijui jina lake. Alikuwa mpole kuliko mimi. "Mwanangu, sasa nikawaambie nini?" Kijana akamjibu, "Mzee, ndiyo teknolojia."

Sasa niwaambie kilichokutwa kwenye yangu. Kuna binti mwanafunzi, mteja wangu, anasomea mambo hayo. Akakaa kwenye benchi langu. Hakuanza kupakua chochote. Alifungua folda ya Windows iitwayo Logs, ndani kuna SetupDiag, ndani kuna faili la matokeo. Hiyo SetupDiag ni kifaa cha Microsoft kinachosoma kwa nini usakinishaji umefeli, na inaendeshwa yenyewe usakinishaji unapofeli. Yaani jibu lilikuwa limekaa ndani ya mashine muda wote fundi ananiimbia mazabodi. Kosa lilikuwa 0xC1900101, nyuma yake 0x30018. Makosa yanayoanza na 0xC1900101 kwa kawaida ni ya draiva, zile programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya Windows, na hilo la 0x30018 linahusu draiva iliyoacha kujibu katikati ya safari. Yangu ilikuwa draiva ya antivirasi iliyokwisha muda, iliyokuja na mashine, haikuwahi kuondolewa vizuri. Kingine, diski C ilikuwa imebanwa sana. Nafasi ikiisha kabisa ungeona namba nyingine, 0x80070070, na hiyo maana yake ni moja tu: hakuna nafasi.

Dawa ya kwanza inayopendekezwa kwa kosa kama langu haina hata gharama. Ondoa antivirasi ya nje, chomoa kila kitu cha USB ubaki na kipanya na kibodi, sasisha draiva, acha nafasi ya kutosha kwenye C, ndipo ujaribu. Mazabodi haimo kwenye maneno hayo. Na ya kwangu, binti alipima RAM akapima na afya ya SSD, vyote salama. Hiyo mazabodi iliyokufa ndiyo ninayoandikia uzi huu, na leo imetoa nakala tangu asubuhi.

Kuna jingine linaniudhi hata kama halikunipata mimi. Mashine nyingi za mtumba hapa zinakataa 11 kwa sababu diski imepangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski. Nani aliipanga MBR? Fundi yule yule aliyepiga Windows kwa mazoea ya zamani. Ndani ya Windows 10 kuna kifaa kiitwacho mbr2gpt, inageuza mpangilio bila kufuta mafaili, ilimradi uweke nakala kwanza kwa usalama. Lakini utaambiwa "lazima kufomati". Kila kitu kufomati! Januari 2024 lilitoka sasisho la KB5034441, likawa linafeli na 0x80070643 kwa watu chungu nzima kwa sababu kipande cha diski cha uokoaji kilikuwa kidogo. Kuna watu hapa mjini walifomatiwa kwa ajili ya hilo. Kipande cha diski kukosa megabaiti 250 za nafasi, mtu anapoteza picha za mazishi ya mama yake.

Mwisho nilifanya nini? Sikupanda. Nimeamua kubaki 10 kwa sasa, kwa sababu kuna kitu ambacho hakuna fundi aliyenitajia: masasisho ya usalama ya ziada, ESU, kwa watu wa kawaida, yanayokwenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au ukajiunga bila kulipa kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao mtandaoni. Yanakupa marekebisho ya usalama tu, mambo mapya hayaji. Kwangu yanatosha. Kufikia hapo nitakuwa nimekusanya hela ya mashine ya kizazi cha nane, na haitatoka duka lile.

Ninachouliza wakuu: kuna mtu aliwahi kudai hela yake kwa fundi wa namna hii akafanikiwa? Mtu anaanzia wapi, serikali ya mtaa, polisi, au FCC, Tume ya Ushindani? Risiti ninayo, na yale maneno ya "msifute kitu" wameyaandika wenyewe.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu

Anayesema "hamia Linux uache kulia". Mkuu, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inaenda vizuri kwenye mashine za zamani, binti ameniwashia kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski nikaiona. Ningekuwa naandika barua zangu tu ningehamia leo. Lakini utafiti wa mwanafunzi umepangwa kwenye Word, ukiufungua kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika huko Linux, jedwali linaruka ukurasa, namba za kurasa zinahama, anakuja kunililia mimi usiku wakati msimamizi wake anataka nakala saa mbili asubuhi. Yule mzee wa Sengerema ndiye ningemshauri Mint, ile Core 2 Duo kama ina RAM GB 4 itamfaa kwa jedwali la hesabu.

Ngosha aliyejitambulisha kuwa ni fundi, kasema wateja wa Mwanza hawataki kulipia uchunguzi, wanataka matokeo, ndiyo maana fundi anasema "inakubali" ili asimpoteze mteja. Hapo una hoja, na nimeiona mara nyingi kwenye steshenari yangu, mtu anataka kulipia karatasi hataki kulipia kuchapa. Basi bandikeni bei ukutani: kusoma kosa elfu tano, kuweka nakala elfu kumi. Mimi ningelipa bila kupunguza. Nisichotaka ni kulipia elfu ishirini ya kurudia kitufe.

Aliyeuliza kama kuhamisha mafaili kabla ya kazi ni jukumu la mteja. Kuna duka liliniambia hivyo? Halikuniambia. Wangeniambia ningenunua diski ya nje siku hiyo hiyo, Makoroboi zimejaa.

Mdau wa Ukerewe mwenye i3-4005U, uliyeuliza kama uipandishe na kulalamika kuwa ni nzito: hiyo ni kizazi cha nne, usimpe mtu hela akupandishie kwenda 11. Andika winver kwenye sehemu ya kutafuta, ubonyeze. Ikisema 22H2, nenda kwenye mipangilio ya masasisho, utakuta kiungo cha kujiunga na ESU. Ikiwa ni toleo la nyuma ya hapo, anza kwa kupanda hadi 22H2, ndipo kiungo kitokee. Hakikisha unaingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, si ile ya mgeni. Mashine kuwa nzito hiyo ni habari nyingine, inawezekana bado una diski ya kuzunguka, ukiweka SSD utaona tofauti. Na usipande meli kuja nayo mjini kwa ajili ya hilo, yote hayo unayafanya hapo Nansio kwa bando la usiku.