Ushauri wa haraka: jiwe lenye punje nyekundu na pete nyeupe, dalali anasema ni dalili ya almasi

Mjukuu wa Ujiji: Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini. Kuna dalali ana mawe anasema yametoka milima ya kule Mpanda. Jiwe ni jeusijeusi, ndani lina punje za rangi ya damu ya mzee, na kila punje imezungukwa na pete nyeupe. Anasema pete hiyo huonyesha almasi ipo jirani. Mzigo wote milioni 3, kesho asubuhi anaondoka. Picha nimeweka. Nichukue?

Mama Kibirizi: Mwanangu, mwenye almasi hakimbizwi na basi la asubuhi. Marehemu mume wangu aliuziwa "rubi" stesheni, kumbe kioo cha taa ya gari. Tulikula dagaa wa mtaji mwezi mzima.

Kachero wa Nzega: Hela ni yako?

Mjukuu wa Ujiji: Nimeuliza jiwe, mkuu.

Nyundo na Lupu: Hiyo nyekundu ni ganeti, aina ya madini, na pete yake inaitwa korona. Mwamba ulizama chini sana, joto na mgandamizo vikaotesha ganeti. Ulipopanda ungali wa moto, mgandamizo ukapungua, ganeti ikashindwa kukaa na kwatzi, madini mengine jirani yake. Zikalana, zikazaa madini mapya: feldispa nyeupe na pairoksini ya kijani. Lowesha jiwe, weka lupu (lenzi ya kukuzia) kwenye pete: utaona vinyuzi vya kijani kilichokolea vimesokotana na weupe. Ukanda wa Ubendi, unaopita huko Mpanda, una miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ya takriban miaka bilioni 2, na mingine ilizama zaidi ya kilomita 40. Kwa msomaji wa miamba, pete hiyo ni simulizi nzima ya safari ya kupanda. Almasi haimo. Ganeti ya kutafutia almasi, kama ya Mwadui kule Shinyanga, kwenye bomba la mwamba wa volkano wenye almasi, ni aina iitwayo pairopu, yenye kromu, huokotwa punjepunje kwenye udongo.

Kachero wa Nzega: Narudia. Hela ni ya nani?

Mjukuu wa Ujiji: Nimeshampa laki 8. Ni ya kikundi, mimi ndiye mweka hazina. Sijaiba! Mgao ni mwisho wa mwezi, nitairudisha na faida juu.

Mtumishi: Amana, kijana. Amana! Unalalaje?

Msomi wa Tabora: Chai hii. Picha ina rula ya inchi. Dalali gani wa Kigoma anapima mawe kwa inchi?

Mjukuu wa Ujiji: Picha alinitumia yeye! Haya, hii nimepiga sasa hivi, jiwe na sarafu ya 200.

Nyundo na Lupu: Basi ya kwanza si ya jiwe lako. Hili lako pete ni pana, ganeti imeliwa hadi kikabaki kiini chenye nyufa tupu. Hakuna cha kukata kito hapo. Na tangu 2019 kuna masoko ya madini: mwambie mkutane huko na leseni yake.

Mjukuu wa Ujiji: Anasema sokoni kodi ni kubwa ndiyo maana hapendi. Labda nichukue nusu ya mzigo?

Mama Kibirizi: Usiongeze hata mia! Mpigie mwenyekiti wa kikundi usiku huu, mwambie mwenyewe, kisha asubuhi muende naye polisi kabla basi halijaondoka.

Mjukuu wa Ujiji: Mwenyekiti ni shangazi yangu.

Mama Kibirizi: Ndiyo mpigie.