Kumpelekea mzee Vitara ya turbo na haibridi Tanga: inafaa au ni mzigo?

Wa Chumbageni, Leicester

Asalaam aleykum wadau. Nina Suzuki Vitara ya 2020, manyuo (gia za mkono), injini ya petroli lita 1.4 yenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na haibridi, yaani ule umeme wa volti 48 wa kuisaidia injini. Deni lake limekwisha. Baba yuko Tanga, RAV4 yake imechoka, nami nataka hii niipakie meli. Kaka yangu wa nyumbani hataki kusikia: anasema betri la haibridi likifa gari inageuka banda la kuku, na turbo ni kutafuta presha. Mzee anaendesha mwenyewe. Safari zake ni mjini, shambani Muheza, na mara moja moja Lushoto kwa shangazi. Wenye kujua nijuzeni kabla sijaongea na wakala.

Wa Ngamiani, Coventry

Waaleykum salaam dada. Niko gereji hapa, injini za namna hii nazifungua kila siku.

Betri liache kwanza. Kaka yako anaifikiria Prius, yenye betri la volti mia mbili na ushee, inayoweza kutambaa kwa umeme mtupu. Ya kwako bila petroli haisogei. Kilichopo ni mashine moja iliyokaa mahali pa alteneta, ile ya kuchaji betri kwenye gari za kawaida, imefungwa na injini kwa mkanda. Ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, inakuwa jenereta na kuchaji betri dogo la lithiamu chini ya kiti cha mbele. Betri lenyewe halihifadhi hata nusu uniti ya LUKU. Ukikanyaga mafuta, mashine ile ile inakuwa mota na kuisaidia injini kwa sekunde chache, turbo ikiwa bado haijajaa upepo. Joto likizidi, kompyuta inapunguza msaada na unaendesha gari ya petroli ya kawaida. Hakuna la kutisha hapo.

Mimi naogopa mkanda. Kwenye Toyota IST unavutwa upande mmoja tu. Hapa mara injini inaivuta mashine, mara mashine inaivuta injini, kwa hiyo kikazio chake kimeundwa kukaza pande zote mbili. Fundi akifunga mkanda wowote uliolingana urefu, utaanza kulia, kisha utateleza. Na alteneta nyingine hakuna. Mashine ikilala, betri la kawaida la volti 12 halipati chaji, na baada ya muda mzee yuko kando ya barabara Segera. Alteneta ya kuchomoa kwenye gari bovu haiingii pale, hata fundi aape.

Halafu oili. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na oili ndiyo inayoubeba na kuupoza. Turbo nyingi zinazofika mezani kwangu zimeuawa na oili chafu. Muda wa kubadilisha ulioandikwa kwenye kitabu ni wa huku; kwa joto la Tanga na vumbi la njia ya shamba, gawa kwa mbili. Oili iwe ya uzito ule ule wa kwenye kitabu, na kopo liwe na alama ya API SP, kiwango kilichoanza 2020. Fundi atakwambia oili nyepesi ni ya nchi za baridi, atatoa 20W-50, ile nzito. Mkatalie.

Hii siyo mbwembwe. Injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wao: uko gia kubwa, mwendo mdogo, unakandamiza mafuta, matone ya oili yanawaka kabla plagi haijatoa cheche. Unasikia kama nyundo, na pistoni inaweza kupasuka. Oili za kiwango hicho zimepimwa kwa jambo hilo pia. Kwa hiyo mzee akianza kupanda kutoka Mombo asing'ang'anie gia ya nne. Ashushe, injini izunguke kwa raha. Mlima wenyewe hauna shida, maana huko juu hewa ikiwa nyepesi turbo inasaidia kufidia. Akifika asizime papo hapo, aiache ingurume dakika moja hivi.

Wa Pongwe, Milton Keynes

Mimi ni wa hesabu tu. Dada, angalia mwaka wa kutengenezwa. Gari ndogo ikifikisha miaka 8, TRA wanaongeza asilimia 15 ya uchakavu, ikizidi 10 wanaongeza 30. Ya 2020 usiiache ikazeekea Leicester. Injini ya lita 1.4 ushuru wa bidhaa wake ni mdogo kuliko inayozidi lita 2. Halafu ziko ushuru wa forodha, asilimia 25, na VAT, 18. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, usitegemee bei ya mkataba wako, wana thamani yao. Msamaha wa anayerudi kuishi nyumbani ni wa mwenye gari mwenyewe. Kumtumia mzee huingii humo.

Wa Raskazone, nimesharudi

Wanangu, kijana wa Ngamiani kasema kweli ila hajaguswa na mvuke wa bahari siku nyingi. Hapa chumvi inakula viunganishi vya nyaya. Masika yakimwagika, mwambie mzee asiingie kwenye dimbwi asilolijua kina: betri liko chini ya kiti, maji yakilowesha kapeti ndiyo msiba wenyewe.

La pili, mafundi wetu wana mkono mwepesi wa kung'oa thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini, gari "ipate ubaridi", kisha wanajaza maji ya bomba. Kwenye turbo hilo lisifanyike. Dawa ya radieta na thamostati vibaki kama vilivyotoka kiwandani.

Mafuta mtaokoa kidogo tu. Umeme ule unashiba kwenye foleni, na Tanga foleni iko wapi? Labda vijiji vya kilomita 50 kwa saa, unafunga breki kwa ajili ya trafiki halafu unaondoka tena.

Oili ya API SP ukiikosa mjini, agiza Dar, ipakiwe kwenye basi asubuhi, jioni unayo.

Wa Chumbageni, Leicester

Shikamoo mzee, ahsanteni wote. Naipeleka. Kabla haijapanda meli nabadilisha mkanda pamoja na kikazio hapa hapa. Kaka wa Coventry, nitakutafuta pembeni unipe bei. Fundi wa mzee nampigia leo kumuuliza kama ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari inayofika mpaka volti 48. Kama hana, mzee wa Raskazone unielekeze kwa mwenye nayo. Kaka yangu nimemtumia majibu haya yote. Sasa anauliza kama RAV4 atapewa yeye.