Naomba ushauri: nimpeleke mwanangu Wembley?

Wakuu, habari zenu. Naishi Uingereza, na kijana wangu wa miaka 10 ananililia kila siku nimpeleke Wembley akaione timu ya taifa. Hela ya tiketi ninayo, moyo ndio unaosita.

Uwanja wa Heysel, Ubelgiji, mwaka 1985, mashabiki wa Liverpool walifanya fujo, watu 39 wakafa na klabu za Uingereza zikafungiwa kucheza mashindano ya Ulaya. Hayo ya zamani, na siku hizi wakorofi wanapigwa marufuku viwanjani, hata pasipoti wanasalimisha timu ikisafiri. Lakini fainali ya Euro, Julai 2021, niliiona kwenye runinga: wasio na tiketi wakavamia mageti ya Wembley hiyohiyo, kisha wachezaji wa Uingereza Rashford, Sancho na Saka wakatukanwa mitandaoni kwa rangi yao kisa kukosa penalti. Mwanangu anampenda Saka mno. Nitamwambia nini akisikia tusi kama lile jukwaani, tena tumekaa katikati ya hao wanaotukana?

Mliowahi kwenda na watoto, jukwaa la familia lina utulivu kweli? Na treni ya kurudi usiku, imejaa walevi, mnafanyaje? Au nianze na mechi ya wanawake kwanza?