Mjadala: Orodha ya waliopewa nyumba za bei nafuu ibandikwe hadharani au ibaki ofisini?

Kila mwajiriwa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria ya 2024 imeweka nyumba za kundi la chini kabisa, wale wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Tangu Rais Ruto akabidhi funguo mtaani Mukuru, Nairobi, mnamo Mei 2025, swali mtaani ni moja: nani amepata, na alikuwa wa ngapi kwenye foleni?

Mimi nasema ibandikwe, tena kwenye ubao wa chifu, si mtandaoni pekee. Maombi hupitia tovuti ya Boma Yangu, na si kila mtu ana njia ya kuifikia. Jirani yangu anafua nguo za watu. Alisajiliwa na kijana wa saiba (duka la intaneti), na kwa kuwa mama hana barua pepe, kijana akaweka yake, nywila pia akabaki nayo. Kisha saiba ikahama. Mama hajui kama ameitwa, amekataliwa au bado anangoja.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu. Kwa nini aandike barua na kungoja majuma matatu, kwa jambo ambalo angelisoma ukutani akienda kuchota maji?

*

Ndugu mleta mada, napinga. Majina yakiwa ukutani, kesho yake dalali yuko mlangoni akitaka kununua nafasi. Na yule mama aliyetoroka kipigo na watoto wake? Mume atasoma jina na bloku, amfuate hadi ghorofani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda maskini pia.

*

Kwa mama huyo sina ubishi, jina liondolewe na nambari ya nyumba iondolewe. Ibaki nambari ya ombi, tarehe ya kujisajili na sababu ya kupewa: ulemavu, kuhamishwa kupisha mradi, au kura ya bahati nasibu. Mwombaji ataijua nambari yake, jirani hataijua. Lakini tarehe zitaonekana, na wa Januari akirukwa na wa Oktoba, kuna mtu atatakiwa kueleza.

Kuhusu dalali sikubaliani nawe hata kidogo. Leo anauza nafasi hewa kwa sababu mnunuzi hana pa kuhakikisha.

Mlioko Kibera, Mavoko na Shauri Moyo, huko kwenu mliarifiwa vipi?