Binti yangu kawaaga rafiki zake kwamba tunahamia Dodoma, kumbe hatuhami, sasa anaogopa kuwaambia

mama_wa_tabata

Habarini za jioni wazazi wenzangu. Naombeni mawazo maana hili jambo linaniumiza na baba yake yuko mbali kwa simu haeleweki vizuri.

Mume wangu ni mtumishi wa wizara, idara yao ndo ilikuwa imebaki Dar kwa muda mrefu wenzao wakiwa washahamia Dodoma siku nyingi. Mwaka huu barua ikatoka. Kipindi kile tulikuwa tunapanga twende wote, baba yake akawa anaongea na dalali kwa simu pale sebuleni, anaulizia nyumba huko Nzuguni, vyumba vitatu, kama kuna maji, kama kuna shule karibu, watoto wanasikia. Baadae tukakaa mimi na yeye tukaona haiwezekani kwa sasa, kaka yake huyu binti yuko form four ana mtihani mwezi wa kumi na moja na mimi nina kibanda changu cha kushona hapa Tabata wateja ndo washanizoea, bas tukaamua baba atangulie peke yake sie tubaki. Hayo maamuzi tuliongea chumbani usiku. Watoto tuliwaambia tu baba anaenda kazini Dodoma.

Huyu binti yuko darasa la tano. Kumbe alishawaambia wenzake darasani kwamba tunahama, na siku ya kufunga shule mwezi wa sita rafiki zake wakachangishana mia mbili mia mbili wakanunua soda na keki wakamuaga, wakampa zawadi, kuna bangili, kuna mkebe mpya, kuna daftari dogo kila mtu kaandika ujumbe wake humo na namba ya simu ya mama yake. Shule imefunguliwa mwezi wa saba na yeye karudi. Walipomuuliza akasema tunaondoka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita akasema baba bado anatafuta nyumba. Yaani kila wakiuliza anasogeza mbele.

Mimi nimejua juzi, mama wa rafiki yake kaja kuchukua gauni akaniuliza jirani mnaondoka lini, maana mwanangu kila nikimwambia achague shosti mwingine wa kukaa naye dawati moja analia. Nikabaki namshangaa. Nikaenda kuangalia chini ya kitanda nikakuta mfuko una zile zawadi zote, hajatumia hata moja.

Nilipomuuliza alilia mpaka akatapika. Anasema wakijua watamuita muongo na watataka vitu vyao. Alafu akaniambia neno ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani, "mama si tuhame tu kweli". Sa hivi kila asubuhi tumbo linauma hataki shule. Nimfanyeje? Niende mwenyewe shule nikawaambie au nimuache aseme yeye?

mzee_wa_gongolamboto

Mama pole. Ila mi nasema ukweli, hapo mwanzo hakukosea, alisikia akasema. Kosa limeanza alipojua hatuhami akaendelea kusema mwisho wa mwezi mwisho wa mwezi. Hilo usilipitishe kwa sababu analia. Mkalishe, mwambie hapa mwanangu ulidanganya, na kesho unaenda kuwaambia wenzako. Watoto wetu tukiwaonea huruma kwenye vitu vidogo wakikua inakuwa tabia.

tichaMoro

Mzee shikamoo, nimekuelewa na sikupingi kwamba aambiwe ukweli. Ila mi nafundisha msingi mwaka wa ngapi sasa, darasa la nne na la tano ndo madarasa yangu, naomba niseme ninavyowaona. Mtoto wa miaka kumi, kumi na moja, anachoogopa zaidi duniani sio fimbo ya mwalimu, ni wenzake kumcheka. Ukimwambia "kesho nenda kawaambie" bila kumpa njia, hatoenda kuwaambia, atatunga lingine. Atasema safari imeahirishwa, atasema bibi anaumwa, na hapo ndo utapata uongo halisi wa kukomaa.

Mama, mimi ningefanya hivi. Kwanza nenda kamuone mwalimu wake wa darasa peke yenu, sio ofisini mbele ya walimu wengine wanasahihisha madaftari. Na mwalimu mwenyewe nahisi tayari anajua kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu mtoto akihama kweli mzazi anakuja kuomba uhamisho, shule inaingiza kwenye PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, ili namba yake ihamie shule mpya, hauji tu kubeba begi ukaondoka. Miezi inapita hakuna aliyekuja kuuliza uhamisho, mwalimu yoyote makini atajiuliza.

Mwombe mwalimu kitu kimoja tu, ASITANGAZE. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeshuhudia, mwalimu ana nia nzuri kabisa anamsimamisha mtoto mstarini au mbele ya darasa, "jamani mwenzenu haondoki, mpigieni makofi", yule mtoto anatamani ardhi ipasuke. Mwalimu kazi yake iwe kuangalia tu, akisikia kikundi kinamuita muongo anakizima palepale.

Alafu aanze na rafiki mmoja. Usimpe darasa zima. Yule anayelia dawati ndo wa kuanza naye, yeye akijua ataenda kuwaambia wengine kwa namna ya furaha, watoto habari nzuri hawakai nayo. Kumbuka kwa wenzake hii ni habari NZURI, rafiki yao haondoki, huyu binti kwa sababu ya hofu hilo hajaliona kabisa.

mama_wa_tabata

Mwalimu asante sana, hilo la kuwa ni habari nzuri kwao hata mimi sikuwa nimelifikiria nilikuwa nimejaa aibu tu. Je zile zawadi arudishe? Maana nilitaka nizirudishe kimyakimya kwa wale wazazi.

naima_likoni

Mamangu usirudishe!! Ukirudisha ndo umewaambia watu kwamba kweli mwanao aliwaibia. Mimi niko Mombasa, nna watoto watatu. Zawadi ilitolewa kwa mapenzi, haikutolewa kwa sababu ya Dodoma. La kufanya, siku ya Jumamosi waite hao watoto nyumbani, pika pilau au hata mandazi na juisi ya ukwaju, na hiyo bangili aivae siku hiyo. Wewe mama mtu uko jikoni waskia, ukiona mazungumzo yamekwama watoka wasema nyinyi wanangu sisi wazazi ndo tulopanga twende, na sisi wazazi ndo tulobadilisha tukasahau kumwambia mwenzenu. Si uongo, ndivyo ilivokuwa. Hapo umemtua mzigo nusu, nusu ilobaki aseme mwenyewe kwamba alipojua aliogopa.

Nasema hivi kwa kuwa nilipokuwa msichana kulikuwa na maneno nyumbani kuwa twahamia Nairobi, baba alikuwa mtu wa reli, nami nikamwambia jirani yangu tulocheza naye kila siku. Hatukwenda. Nikawa namkwepa, napita njia ya nyuma kwenda madrasa, yeye akajua nimemchukia. Mpaka akaolewa hatukuwa tumerudi kuwa sawa na hajui sababu mpaka leo. Si kuhama kulotutenganisha, ni mimi kujificha. Mtoto wako bado mapema, mshike sasa hivi.

baba_yuko_dom

Nimesoma comment zote nzuri, ila naona kuna kitu mnakipita. Mi mwenyewe niko Dodoma peke yangu familia iko Mbagala, tuko wengi sana hapa wa namna hii. Uamuzi wa makao makuu ni wa tangu 1973, lakini mambo yalianza kwenda mbio 2016 Rais Magufuli aliposema serikali yote ihame, Waziri Mkuu akahamia mwaka huohuo, na 2019 Rais mwenyewe akahamia, ukija leo Mtumba unakuta mji wa serikali umesimama. Sasa kwenye magazeti inaandikwa serikali imehamia, lakini anayehama ni baba wa mtu, mama wa mtu. Ijumaa jioni ndo utatujua, mtu yuko stendi au stesheni na kibegi anawahi Dar, Jumapili anarudi.

Dada, hilo neno la binti "si tuhame tu kweli", lisome tena. Nyie mnaona anaogopa rafiki zake. Mimi naona na jingine. Kwenye hadithi yake ya mwanzo familia nzima inaenda pamoja, kuna nyumba ya vyumba vitatu, kuna shule karibu, baba yupo. Akiwaambia wenzake kwamba hatuhami inabidi aseme na sehemu ya pili, kwamba baba kaondoka peke yake. Labda hiyo ndo haitaki kutoka mdomoni. Na nyie wazazi hamjamkalisha mkamwambia, mmemwambia baba anaenda kazini, kama vile anaenda Posta atarudi jioni.

Wa kwangu wa kiume alikuwa anawaambia watu baba yupo nyumbani kalala. Mama yake alikuwa anamgombeza kwa uongo, mpaka siku tukaelewa kwamba hakuwa anamdanganya mtu, alikuwa anataka iwe hivyo.

Kwa hiyo kabla ya pilau ya Jumamosi na kabla ya mwalimu, mwambie mumeo apige simu aongee na binti yake YEYE, sio salamu za "unasoma vizuri". Amwambie kwa nini kaenda, kwa nini wao wamebaki, anarudi lini, na asiahidi asichoweza. Mtoto akijua tarehe anatulia. Sie tusiojua kuongea na watoto kwa simu tujifunze kwa nguvu, mi nilianza kwa kumuuliza mwanangu leo mmekula nini na nani kakaa karibu na wewe, bas anaanza kumwaga maneno.

mzee_wa_gongolamboto

Kaka hapo umenigusa. Naunga mkono, baba aongee kwanza. Ila na kuomba samahani kwa wenzake kuwepo pia.

tichaMoro

Kabisa mzee, kuwepo. Hata sentensi moja inatosha, "nilijua tunahama, nilipojua hatuhami niliogopa mtanicheka, naombeni mnisamehe". Mama unaweza kufanya naye mazoezi nyumbani, wewe unakuwa rafiki yake, unamuuliza yale maswali magumu anayoyaogopa, "kwa hiyo ulitudanganya?" anakujibu. Ajibu mara kadhaa mpaka sauti iache kutetemeka. Na asilazimishwe kueleza mambo ya baba kama hataki, hayo ni ya nyumbani, anaweza kusema baba yuko Dodoma kikazi na sisi tupo hapa, imetosha.

Na tumbo mama, mpeleke tu zahanati wamuangalie, lakini usimzoeshe kubaki nyumbani kila akisema linauma. Kila siku anayobaki kesho yake inakuwa ngumu zaidi kwenda.

mama_wa_tabata

Jamani nimerudi, samahani nimekaa kimya, nguo za sendoff zilinibana.

Baba yake alipiga. Nilimpa simu nikatoka nje na cherehani yangu nikawaacha. Waliongea muda mrefu sana, nilisikia analia alafu nikasikia anacheka alafu tena analia. Alimuuliza baba yake "wewe huko unakula na nani?". Mume wangu aliponipigia mimi baadae sauti haikuwa sauti yake. Kaka uliyeko Dodoma, Mungu akubariki, ulichokisema ndicho kilikuwepo.

Mwalimu nilimuona, kweli alikuwa anajua, alikuwa ananisubiri mimi nije.

Jumamosi wakaja wanne. Nilipika pilau kama da Naima alivyosema. Nilikuwa nimeshajiandaa kutoka jikoni kuongea lakini hawakunisubiri, mwanangu alianza mwenyewe kabla hata hawajanawa, aliongea haraka haraka kama anakimbizwa, mwenzie mmoja akamwambia "sa si ungesema" akanuna, akakaa pembeni hataki kuongea naye. Huyo bado hajakaa sawa mpaka leo, na binti yangu kaumia, nimemwambia ana haki ya kukasirika mpe muda. Yule wa dawati alimkumbatia tu. Mmoja akauliza kwa hiyo ile keki tutakula tena akihama kweli? Tukacheka wote.

Tumbo limepungua, Jumatatu alienda bila kusukumwa, Jumanne alisema linauma kidogo nikampeleka hivyohivyo mpaka getini.

Sasa swali la mwisho, nataka likizo ya mwezi wa kumi na mbili twende kwa baba yake na treni, tukae naye mpaka Krismasi. Mtoto wa miaka kumi na moja SGR analipa nauli nzima?

baba_yuko_dom

Hapana dada, wa miaka minne mpaka kumi na mbili wanalipa nusu. Ilipoanza 2024 daraja la kawaida Dar mpaka Dom ilikuwa 31,000 mkubwa na mtoto 15,500, angalia bei ya sasa kabla hujakata. Kateni mapema, mwezi wa kumi na mbili zinaisha. Na mwambie mumeo abebe sweta la binti akija kuwapokea, usiku huku kuna upepo.